Korongo wa Mraba wa Ishirini na Saba

Kila siku baada ya masomo nilipitia ofisini kwa baba kumngoja turudi nyumbani pamoja. Baba alikuwa mchora ramani wa Idara ya Wanyamapori, na chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, baada ya stoo ya mabuti. Kulikuwa na kompyuta moja, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na meza ndefu iliyotandazwa ramani ya bonde letu zima. Mimi nilipewa kiti cha pembeni na kuambiwa nifanye kazi za shule. Nilizifanya haraka haraka, kisha nikawa naangalia ramani.

Ramani ile ilikuwa imegawanywa miraba sabini. Haikuwa ya hifadhi peke yake. Mashamba yalikuwamo, barabara, kinamasi, uwanja wa shule yetu, hata gereji ya malori. Siku moja nilimwuliza baba kwa nini mipango ya ndege ifike mpaka gereji.

"Ndege analala huku, anakula kule, na kutaga anataga mahali pengine kabisa," alisema bila kuinua kichwa. "Ukimlindia kitanda ukambomolea jiko, atahama. Ndiyo maana tunapanga bonde zima, kwa miaka kumi."

Mraba wenye viota ulipakwa rangi nyekundu: hapo hakuna kukata, kuchoma wala kuchimba mpaka makinda yaruke. Mraba wa malisho ulikuwa kijani, na wa kupitia ulikuwa njano. Usio na kitu uliachwa mweupe, na watu waliendelea na shughuli zao. Rangi zilitokana na hesabu, na sehemu ya hesabu ilitoka kwetu sisi, klabu ya ndege ya shule, watoto kumi na wanne. Tulifundishwa na afisa wa ndege, mama mmoja mrefu tuliyemwita Bibi Darubini kwa sababu darubini haikumtoka shingoni hata akinywa chai. Alitufundisha kusimama kimya dakika kumi na kuandika tunachokiona.

"Usipoona kitu, andika sufuri," alisema. "Sufuri nayo ni habari. Usiionee haya."

Sasa nieleze jinsi nilivyopata jina la Mfuko.

Jumamosi ya kwanza tulifanya mazoezi pamoja ukingoni mwa kinamasi. Nikaona yangeyange mweupe katikati ya matete. Nikaandika. Dakika kumi nzima yangeyange yule hakusogea, nami nikawanong'oneza wenzangu kwamba ametulia hivyo kwa sababu anawinda. Rafiki yangu tuliyemwita Chiriku, ambaye tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza na ambaye mdomo wake haukujua mapumziko, akaazima darubini. Akatazama. Akatazama tena.

"Jamani," akasema, "yangeyange wa mwenzetu ana mishikio miwili."

Ulikuwa mfuko wa plastiki.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata mimi nilicheka kidogo, nikidhani yataishia hapo. Hayakuishia hapo. Jumatatu shule nzima ilikuwa na habari, maana Chiriku alikuwa ameisimulia kwenye mstari, msalani na kwenye foleni ya maji, na kila mara aliongeza chumvi. Nikaanza kuitwa Mfuko. Watoto wa darasa la pili wasiojua hata jina langu waliniita Mfuko. Mwalimu wa hesabu akasahau akasema, "Mfuko, njoo ubaoni." Nilimwomba Chiriku aache. Akanipigapiga begani, akasema, "Punguza hasira, utapasuka," na darasa likaangua kicheko upya.

Nilimchukia. Sitafuti neno laini. Usiku nililala na hasira na asubuhi niliamka nayo, na nikipiga mswaki nilikuwa nikipanga nitamfanya nini. Sikutaka aniombe radhi. Nilitaka asimame mbele ya watu, awe na aibu, na asiwe na la kusema.

Wiki ya tatu tukagawiwa miraba. Mimi nilipewa ishirini na saba, Chiriku ishirini na sita. Miraba yote miwili ilikuwa kinamasi cha matete, na kati yake ilipita njia nyembamba ya miguu. Kwenye ishirini na sita ndiko baba yake Chiriku alikokata matete ya kujengea uzio. Alikuwa mkata matete tangu sisi hatujazaliwa.

Nilipanda juu ya kichuguu ili nione vizuri. Dakika ya nne matete yakatikisika, akatokea korongo taji. Kichwani ana taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, shavuni weupe, na anatembea taratibu kama mtu anayekagua mali yake. Nyuma yake yalikuwa matete yaliyolazwa, na juu yake korongo wa pili amekaa. Alipoinuka kujigeuza niliyaona mayai mawili. Bibi Darubini alikuwa ametuambia kwamba tangu waache kutaga bondeni kwetu ilikuwa imepita miaka saba.

Furaha ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya ndege, naapa. Ya pili ilikuwa mbaya.

Ng'ambo ya njia nilimwona Chiriku amesimama wima, fomu kifuani, midomo imefungwa, jambo lisilo kawaida yake. Alikuwa anafanya kazi yake. Na pale kwake hakukuwa na kitu, maana matete yalikuwa yamekatwa karibuni. Ataandika sufuri, nikawaza. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na sehemu iliyoandikwa: Ulichokiona nje ya mraba wako. Mimi, mtoto wa mchora ramani, nilijua vizuri sehemu ile inavyosomwa na rangi inayofuata. Kwenye mraba wangu nikaandika sufuri. Nje ya mraba wangu nikaandika: korongo taji wawili, kiota, mayai mawili, mraba wa ishirini na sita.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Ningependa kusema nilisita.

Jumatatu mchana tulikusanyika ofisini kwa Bibi Darubini. Alisoma fomu moja moja kwa sauti. Alipofika kwa Chiriku akasoma, "Ishirini na sita, sufuri." Akaichukua yangu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Chiriku, ulisimama dakika kumi?"

"Nilisimama, Bibi."

"Ndege wawili warefu kuliko meza hii, na kiota, hukuwaona?"

"Hawakuwapo, Bibi."

"Mwenzako aliyekuwa ng'ambo kawaona."

Chiriku akanigeukia. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa leo si leo. "Nilikaza macho mpaka yakauma," alisema. "Hawakuwapo."

"Labda aliona mishikio akadhani ni mifuko," akasema mmoja nyuma, na chumba kikalipuka kwa kicheko. Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza na wa mwisho kunyamaza.

Msije mkadhani Bibi Darubini aliamini karatasi tu. Kesho yake alikwenda mwenyewe. Lakini korongo anayeatamia hasogelewi. Akishtuka anaweza kuyaacha mayai moja kwa moja. Sheria ya idara ilikuwa hatua mia mbili. Basi akasimama mbali, akangoja, na kweli akamwona korongo mmoja akiokota wadudu kwenye matete yaliyokatwa ya ishirini na sita. Alikuwa amevuka njia kutafuta chakula. Kwa Bibi Darubini hiyo ilitosha. Sheria iliyowekwa kuwalinda ndege ikaulinda uongo wangu.

Chiriku akaondolewa kwenye klabu. "Anayehesabu bila kutazama anatuharibia bonde zima," Bibi Darubini aliandika kwenye barua, na barua ikaenda kwa baba yake. Mkata matete akaja ofisini siku hiyo hiyo, matope bado yako magotini, akiwa amemshika bintiye mkono. Nilikuwa kwenye kiti changu cha pembeni na mlango ulikuwa wazi, hivyo niliwaona koridoni na kusikia yote.

"Mama, mimi nakata pale kila siku," alisema. "Kiota sijakiona. Lakini nyinyi ndio wataalamu. Kama ndege wapo, basi wakae. Nitatafuta mahali pengine pa kukata." Kisha akamgeukia Chiriku, mbele ya makarani wawili na mlinzi. "Na wewe. Umetumwa kazi ndogo kama ile, umekwenda kulala?"

"Baba, sikulala."

"Usiniongezee uongo juu ya uvivu."

Chiriku akalia. Hakulia kwa kelele. Machozi tu yalishuka akayaacha. Nami nilifurahi. Nimeshadanganya vya kutosha katika habari hii, hilo sitalidanganya. Nilikunywa ile furaha taratibu ili isiishe mapema, na jioni ile nilikula sahani mbili.

Ijumaa baba alikuwa anamalizia ramani. Aliniita mezani, akaniruhusu nipake rangi kwenye nakala ya ukutani. Nikapaka ishirini na sita nyekundu, vizuri, mpaka kwenye pembe. Ishirini na saba nikairuka, ikabaki nyeupe. Baba akachukua rula na kalamu ya buluu, akapiga mstari mrefu kutoka mashambani, ukakata katikati ya mraba wangu.

"Hiyo nini, baba?"

"Mtaro. Mashamba ya juu yanafurika kila mvua, watu wanapoteza mazao. Watu wa maji walitaka uchimbwe kupitia ishirini na sita, tukakataa kwa sababu ya kiota. Tukakubaliana upite ishirini na saba, kwa kuwa ni nyeupe. Katapila linaanza Jumatatu asubuhi."

Nikaiweka chini rangi nyekundu.

"Hauwezi kupita kwingine?"

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Baba akanitazama kidogo, akarudi kwenye rula yake.

Jumamosi asubuhi nilikwenda peke yangu. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa, vyenye utepe mwekundu, toka upande mmoja wa mraba hadi mwingine. Kigingi kimoja kilikuwa karibu na kiota kuliko ambavyo mimi nimewahi kuthubutu kusogea. Korongo alikuwa amekaa palepale juu ya mayai yake, shingo wima, akikitazama.

Nilikaa kwenye kichuguu muda mrefu. Nikisema, ndege watapona na Chiriku atakuwa ameshinda. Nitakuwa Mfuko na mwongo kwa pamoja. Nisiposema, mayai yatakwenda na udongo na hakuna atakayejua, kwa sababu kwenye ramani hayapo. Ndivyo nilivyopima: mayai mawili upande mmoja, Chiriku upande wa pili. Aibu yangu kubwa mpaka leo ni kwamba sikuamua papo hapo. Nilijaribu hata kujidanganya kwamba dereva wa katapila atawaona mwenyewe akasimama. Kisha korongo wa pili akarudi na kumpokea mwenzake zamu, wakainamishiana vichwa, na yule aliyechoka akanyoosha mguu mmoja baada ya mwingine. Nikatelemka nikakimbia.

Nilimkuta baba nyumbani anapiga pasi mashati ya wiki. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, nikianza na korongo na kumalizia na mfuko. Hakunikemea. Alichomoa pasi, akavaa viatu, akafunga kamba polepole sana.

"Nimechora ramani kwa miaka kumi na sita," alisema akiwa bado ameinama. "Sijawahi kuweka mstari usio wa kweli. Jana nimeweka. Twende ukamwambie mwenyewe."

Bibi Darubini alikuwa anaishi nyuma ya ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza halikunihusu mimi.

"Kiota kiko hatua ngapi kutoka njiani?"

"Sitini, Bibi. Pengine sabini."

Akapiga simu kwa mhandisi wa maji palepale, akiwa amesimama. Sauti ya mhandisi ilisikika mpaka kwangu, na haikuwa ya furaha. Katapila limeshakodiwa, alisema, mashamba yanangoja, na yeye si mtu wa kuchezewa na watoto wa shule. Bibi Darubini akamwacha aseme mpaka akachoka, kisha akasema, "Una haki ya kukasirika. Lakini Jumatatu hamchimbi." Ndipo akanitazama.

"Wewe ulidanganya, na mimi nikamfukuza asiye na kosa. Jumatatu sote wawili tutasimama."

Jumatatu tulisimama kwenye ukumbi mdogo wa idara, mbele ya klabu yote, mhandisi, baba yangu na mkata matete. Nilisema nilichofanya, na sababu yake. Nilipofika kwenye sababu, ilisikika ndogo sana mle ndani. Bibi Darubini alimwomba radhi Chiriku kwa jina lake kamili, na kumwambia kwamba fomu yake ilikuwa sahihi kuliko zote. Mkata matete alimwekea bintiye mkono kichwani, na Chiriku akauacha pale kwa muda, kisha akautoa na kunijia.

"Mimi nilikutania," alisema. "Wewe umenifanya mwongo mbele ya baba yangu."

"Ulinifanya Mfuko mbele ya shule nzima. Nilikuomba uache ukanicheka."

"Ndiyo. Nilikosea, na kama ungekuja kunitukana, au hata kunisukuma, tungeyamaliza siku ile ile. Lakini wewe ulinyamaza ukaniandikia." Akatikisa kichwa. "Sijakusamehe bado. Nitakuambia nikikusamehe."

Sikuwa na la kusema. Hali niliyomtakia yeye ilikuwa imenikuta mimi, yote, mpaka na watu wa kutazama.

Mchana ule ramani ilifunguliwa upya. Ishirini na saba ikapakwa nyekundu. Mhandisi na baba wakabishana kwa saa nzima wakiwa wameinamia meza, mpaka mtaro ukasogezwa ukafuata ukingo wa barabara, ambako maji yatachukua njia ndefu zaidi lakini yatafika. Ishirini na sita ikawa kijani, malisho, na mkata matete akaruhusiwa kurudi. Aliuliza korongo wanavukia wapi, akaonyeshwa, akasema sehemu hiyo ataiacha bila kukata mpaka makinda yawe na mbawa. Hakuna aliyemwomba.

Chiriku alirudishwa kwenye klabu na kupewa mraba wa ishirini na saba. Mimi nilipewa gereji ya malori mpaka mwisho wa msimu. Mayai yalipoanguliwa sikuyaona makinda. Niliyasoma kwenye fomu yake, kama watu wengine wote. Niliumia, nikanung'unika kwa baba tukiwa njiani kurudi nyumbani kwamba, hata hivyo, aliyewagundua ni mimi.

Baba alisimama.

"Binti yangu, ulitaka kumpiga mtu mmoja," alisema. "Hebu nihesabie waliopigwa."

Nikahesabu. Chiriku. Baba yake, aliyemkemea mtoto wake bure na kukosa matete yake. Bibi Darubini. Mhandisi, na wakulima waliosubiri mtaro wiki nzima zaidi. Korongo, ambao walibakiza siku mbili tu. Nikasita, kisha nikasema, "Na wewe, baba."

"Na mimi. Hasira yako ilikuwa ya haki, hilo sikunyang'anyi. Mtu akikuumiza, mwambie usoni. Asiposikia, mwambie mwalimu, niambie mimi. Lakini ukiandika uongo kwenye karatasi ambayo watu wengine wanaitegemea, huwezi tena kuchagua uongo huo utamwangukia nani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Basi kesho uwahi gereji. Malori yanatoka saa moja, na baada ya hapo hakuna ndege atakayebaki."

Niliwahi.